Kisiwa na Ng'ambo Yake: Visiwa vya Pwani Mbele ya Bahari Ipandayo

Feri, katika mji wa Dar es Salaam, ni mahali penye kazi mbili. Upande mmoja lipo pantoni livushalo watu kati ya Magogoni na Kigamboni. Upande wa pili lipo soko la samaki, ambalo majengo yake yalijengwa mwanzoni mwa karne hii kwa msaada wa Serikali ya Japani. Samaki wanadiwao hapo alfajiri wengine ni wa pwani ya karibu, na wengine huletwa na vyombo vitokavyo Mafia, Kilwa na Unguja. Kabla ya adhuhuri baadhi yao wamekwisha fika Kariakoo, katika makarai ya wakaanga samaki. Pamoja na samaki huja habari: fungu gani limehama, ufuko gani umeliwa, kisima gani kimeingia chumvi. Kwa sababu hiyo mtu atakaye kujua hali ya visiwa aweza kuanzia Feri, ingawa Feri si kisiwa.

Mji wenyewe ulianzishwa na mtu wa kisiwani. Sultani Majid bin Said wa Unguja, katika miaka ya 1860, aliichagua bandari hii iliyo karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, akajenga jumba lake na mji wa biashara, akauita Dar es Salaam. Alitaka kuikaribia biashara ya misafara ya bara, na yasemekana alitaka pia kuwa mbali kidogo na macho ya makonseli wa Ulaya waliokaa Unguja. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuiendeleza kazi hiyo, na nyumba nyingi zikaachwa zibomoke hata Wajerumani walipoufanya kuwa makao makuu ya utawala wao mwaka 1891. Majengo ya Majid yaliyobaki ni machache. Lakini kwa habari izungumzwayo hapa, jambo la maana ni kwamba mtawala wa kisiwani, alipohitaji nafasi, aliitafuta ng'ambo. Wala hakuwa wa kwanza.

Katika maandishi mengi ya siku hizi juu ya mabadiliko ya tabianchi, kisiwa kidogo husemwa kana kwamba ni kitu kilichotengwa, kilichozungukwa na maji, kingojacho kufunikwa. Historia ya pwani ya Waswahili haikubaliani sana na picha hiyo. Visiwa vingi vya pwani hii havikupata kujitosheleza hata siku moja. Viliishi kwa kuwa na ng'ambo, yaani nchi ya pili, mrima au kisiwa kikubwa, ambako wenyeji wake walikuwa na haki ya kulima, kuteka maji, kukata boriti, kuoa, na kukimbilia siku ya shida.

Mfano ulio wazi ni Tumbatu, kisiwa kilicho kaskazini-magharibi ya Unguja. Watumbatu wamesifiwa tangu zamani kwa ubaharia, lakini kisiwa chao ni cha mawe, na maji baridi ni haba mno. Kwa vizazi vingi walivuka kwenda Unguja kuteka maji, na huko huko wakawa na makonde yao. Mtu aliyezaliwa Tumbatu hakuona ajabu yoyote kulala kisiwani na kulima ng'ambo. Vivyo hivyo katika visiwa vya Lamu na Pate: miji ilikuwa kisiwani, lakini sehemu kubwa ya mashamba ya nafaka ilikuwa barani, na wakulima walivuka kwa madau wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Mafia nayo iliutazama mlango wa mto Rufiji, wenye mikoko ya karibu hekta 50,000, iliyotoa boriti za nyumba za pwani yote na za Ghuba ya Uajemi.

Ng'ambo ya kisiwa yaweza kuwa kisiwa kingine. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja. Vyombo vilivyokuwa bandarini viliharibika, na mikarafuu iliyokuwa mali ya Unguja iling'olewa kwa wingi mno. Pemba, isiyo mbali, haikuguswa sana. Bei ya karafuu ikapanda, watu wakapanda mikarafuu Pemba, na tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyokuwa nchi kuu ya karafuu. Waliofidia hasara ya tufani kwa jasho lao wengi walikuwa watumwa, na jambo hilo halifai kusahauliwa na yeyote asifuye wepesi wa visiwa katika kujirekebisha. Walakini visiwa viwili vya dola moja viliweza kubebana, kwa kuwa msiba haukuvipata vyote kwa pamoja.

Haifai kudhani kwamba watu wa kale walihama kila mara kwa sababu ya bahari. Kilwa Kisiwani ilipungua na Kilwa Kivinje, iliyo mrima, ikakua katika karne ya kumi na tisa kwa sababu ya biashara ya misafara, hasa ya pembe na watumwa. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani karibu na Mafia, uliachwa baada ya kuvamiwa na Wasakalava waliotoka Bukini. Bahari haikuwa na hatia katika mambo hayo. Lakini ipo miji ambayo bahari ndiyo iliyoimaliza. Katika Ras Kisimani, magharibi ya Mafia, ulikuwapo mji wa zamani ambao Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale ya Tanganyika, alitoa taarifa ya uchimbaji wake mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha liwa na mawimbi, na ilianza kuliwa zamani, kabla ya mtu yeyote kunena juu ya joto la dunia. Wenyeji hawakujenga ukuta. Waliishi mahali pengine pa kisiwa. Ardhi ilikuwapo, na nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, zilizoweza kujengwa tena.

Hapa yafaa kuyatazama maneno ya mabaharia wenyewe. Lugha ina kujaa na kupwa, ina bamvua na maji mafu, ina kusi na kaskazi. Yote ni maneno ya kitu kiendacho na kurudi. Katika bahari ya Unguja na Dar es Salaam tofauti ya maji kati ya kujaa na kupwa, siku za bamvua kubwa, hukaribia mita 4, na mtu aliyezaliwa pwani huijua tofauti hiyo kwa miguu yake. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi limekadiria kwamba bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba mwendo wa kupanda unazidi kuwa wa haraka. Sentimita 20, zikilinganishwa na mita 4, ni kitu kidogo kwa macho. Ubaya wake ni kwamba huongezwa juu ya kila bamvua na hazipwi. Kisima kilichokuwa salama bamvua zote za mwaka huingiwa na chumvi mara moja, kisha mara tatu. Na majaruba ya mpunga yaliyo nyuma ya mikoko huharibika kabla nyumba haijaguswa.

Kisa kielezacho zaidi ni cha Maziwe. Kisiwa hiki kidogo kilikuwa mbele ya Ushongo, kusini ya mlango wa mto Pangani. Kilikuwa na mivinje na vichaka, na fukwe zake zilijulikana kuwa mojawapo ya mahali bora kabisa pa kutagia kasa katika Tanzania. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi ya bahari, pamoja na visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilivyo kaskazini ya Dar es Salaam. Lakini ulinzi huo ulikuwa wa karatasi zaidi kuliko wa doria. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maziwe ilikuwa imekwisha poteza miti yake na udongo wake, na bamvua likawa lapita juu yake. Kilichobaki ni fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa, lenye miamba ya matumbawe pembezoni. Watu waliolala huko chini ya mivinje wako hai hata leo.

Je, ni kupanda kwa bahari kulikoiua Maziwe? Katika taarifa za Serikali jina lake hutajwa, pamoja na Fungu la Nyani la Rufiji, kama ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, na husomwa hivyo katika mikutano mingi. Jibu hilo ni jepesi kupita kiasi. Hata mwaka 1980 bahari ilikuwa haijapanda kiasi cha kutosha kuzamisha kisiwa chenye miti. Miti ilikatwa, mchanga ulioshikwa na mizizi ukawa huru, miamba ya matumbawe ivunjayo nguvu za mawimbi ilikuwa ikiharibiwa, na mchanga uletwao na mto na mikondo ya bahari haukosi kubadili njia. Kisiwa cha mchanga si jiwe, ni kama akiba ya duka: hutoka na kuingia kila siku, na kikitoka zaidi ya kiingiacho huisha. Kupanda kwa bahari kuliongeza uzito katika mizani iliyokwisha inama.

Neno hili si la kubishana tu. Anayeitupia dunia lawama yote humwachilia aliyekata mivinje na aliyerusha baruti. Naye anayemlaumu mkata mivinje peke yake huziachilia nchi zilizochoma makaa na mafuta kwa miaka mia na hamsini. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya Mafia na Unguja yaligeuka meupe na kufa. Sehemu nyingine ya miamba hiyo ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya namna yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Wenyeji waliokatazwa nyavu na baruti kwa ajili ya kuyalinda matumbawe hayo waliyaona yakifa kwa joto lisilotoka kwao. Mahali palipobaki na miamba mizima pamepata nafuu zaidi kuliko palipokwisha vunjwa. Hata hivyo ni vigumu kumwomba mtu alinde kwa mkono mmoja kinachochomwa na mkono asiouona.

Dar es Salaam yenyewe ilijifunza habari za mchanga kwa gharama. Kaskazini ya mji, kuelekea Kunduchi, matumbawe yalivunjwa na kuchomwa chokaa, samaki walivuliwa kwa baruti kwa miaka mingi, na mchanga wa mito ishukayo baharini ulichimbwa kwa ajili ya majumba ya mji uliokuwa ukikua. Ufuko ukaanza kuliwa. Wenye mahoteli wakajenga kuta zilizoingia baharini ili kuushika mchanga, na kila ukuta ulioushika mchanga kwa mwenyewe uliunyima jirani yake. Na kutoka Feri, mtu afuataye barabara ya kando ya bahari, iliyoitwa Ocean Road na ambayo tangu 2013 huitwa Barack Obama Drive, hupita penye Hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Ukuta wa zamani wa bahari ulikuwa umebomoka sehemu kadhaa. Ukuta mpya ulimalizika mwaka 2018, chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za mfuko wa kimataifa wa kusaidia nchi zijirekebishe. Na mwingine ukajengwa ng'ambo, Kigamboni, mbele ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Kuta hizo zina haki yake. Mji wenye hospitali, Ikulu na barabara kuu kando ya maji hauwezi kuvunjwa na kujengwa nyuma kama kijiji cha makuti. Pangani pia palijengwa ukuta, na katika Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, ambako maji ya chumvi yalikuwa yakiingia mashambani, ukuta uliwekwa pamoja na upandaji wa mikoko. Kilwa Kisiwani, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ilitolewa hatarini mwaka 2014 baada ya kazi ya kutengeneza magofu na kukinga ufuko. Lakini hesabu ya kuta ni hesabu ya mjini. Ukuta hujengwa penye kitu cha thamani ambacho mwenye fedha anakitambua. Vijiji vya Mafia, Koma, Kwale na Songo Songo ni vingi, na pwani yake ni ndefu kuliko mfuko wowote; kwa hivyo huko mkoko na mwamba ndio ukuta uwezao kupatikana.

Wenyeji nao hawakukaa wakingoja. Katika pwani ya mashariki ya Unguja ukulima wa mwani ulianza mwaka 1989, na upesi ukawa kazi ya wanawake, wa Paje na Jambiani na vijiji vingine, waliofunga miche kwenye kamba katika maji machache ya ufukoni. Maji hayo yalipozidi joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri ilianza kuugua na kufa. Ikabaki aina ya pili, yenye bei ndogo. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar wakashauri mwani bora ulimwe katika vina, kwa nyavu za namna ya bomba. Shauri lilikuwa jema, ila wanawake wengi hawakujua kuogelea wala hawakuwa na vyombo. Basi kujirekebisha huku kulidai kitu ambacho joto la bahari halina habari nacho: mwanamke afundishwe kuogelea, na apate mashua.

Tukirudi kwa nchi za visiwa zilizo dola kamili, ndipo neno la ng'ambo laonekana uzito wake. Mji wa Male wa Maldivi ulifurikwa na bahari mwezi Aprili 1987, ukazungushiwa ukuta kwa msaada wa Japani, nchi ile ile iliyokuja kusaidia soko la Feri. Lakini Maldivi haina mrima. Kwa hiyo tangu 1997 imejijengea ng'ambo kwa kufukia bahari, kisiwa cha Hulhumale kilichoinuliwa juu kuliko Male. Kiribati, katika Pasifiki, ilikamilisha mwaka 2014 ununuzi wa ardhi katika nchi ya Fiji. Tuvalu ilitia sahihi mkataba na Australia mwaka 2023, na kwa mkataba huo watu 280 kila mwaka huweza kuhamia huko. Mtumbatu wa kale angeielewa mara moja mipango hii. Angestaajabu tu kwamba konde la ng'ambo linahitaji pasipoti, na kwamba hesabu ya wavukaji huandikwa kwanza na mwenye ng'ambo.

Maana ng'ambo yaweza kufungwa. Wabajuni wa visiwa vya kaskazini ya Lamu walipoteza vijiji na mashamba ya bara wakati wa vita vya mashifta katika miaka ya 1960. Wangazija, waliokuwa na ndugu na kazi katika Unguja, Dar es Salaam na Bukini, waliuawa kwa wingi Majunga mwezi Desemba 1976, na maelfu wakarudishwa visiwani. Nchi yao ilipata uhuru mwaka 1975, lakini Mayotte ikabaki chini ya Ufaransa, na tangu 1995 mtu wa Nzwani atakaye kuvuka kwenda Mayotte hudaiwa viza. Wengi wamekufa maji katika mashua za usiku. Na tufani hazikuhesabu mipaka hiyo: Kenneth ya Aprili 2019 ilipita Ngazija ikaenda Msumbiji, na Chido ya Desemba 2024 ikaivunja Mayotte yenyewe, tajiri na maskini pamoja.

Tanzania imepewa bahati ya kuwa na visiwa na mrima chini ya bendera moja, na bahati hiyo haitajwi sana katika mipango. Mwezi Mei 2024 Tufani Hidaya ilipoikaribia Mafia, safari za vyombo kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na kwa siku hizo kisiwa kilikuwa kisiwa kweli kweli. Jambo liulizwalo na wavuvi katika siku kama hizo ni la kawaida kabisa: samaki wa Mafia watafikaje Feri, na mgonjwa wa Mafia atavukaje. Gati, boti madhubuti, haki ya kulima au kujenga ng'ambo, na shule itakayompokea mtoto aliyehama katikati ya mwaka, ni sehemu za kujirekebisha kama ukuta ulivyo, na aghalabu huwa nafuu kuliko ukuta.

Maziwe haikurudi kuwa kisiwa. Lakini kasa hawakuambiwa. Wangali wakija usiku kutaga katika fungu lile la mchanga, na kwa kuwa bamvua lingeyafunika mayai yakaoza, walinzi huyafukua kwa mikono, huyapanga katika vyombo pamoja na mchanga wake, na huyavusha kwa mashua hadi pwani ya Ushongo. Huko hufukiwa tena juu ya mpaka wa maji, na baada ya siku kama hamsini na tano au sitini watoto huanguliwa mrima na kutambaa wenyewe kurudi baharini.